Misumari Kumi na Moja

Kwa siku nne niliiogopa simu yangu. Niliiweka juu ya meza, katikati ya vipande vya sabuni, kioo kikiangalia chini, na kila ilipotetemeka nilimwacha mteja katikati ya bei. Mtaani kwetu kulikuwa na mzee mgonjwa ambaye daktari alishasema moyo wake umechoka. Na mimi nilikuwa nimesimama chini ya turubai ambalo lingehitajika siku ya maziko yake, nauza sabuni.

Mke wangu ni katibu wa kikundi cha akina mama wanaotengeneza sabuni za mwani na karafuu. Mwaka huo kikundi kilipata nafasi kwenye maonyesho ya biashara, katika uwanja ulio nje kidogo ya mji wa Chake. Nafasi yenyewe ilikuwa mistari minne ya chokaa juu ya majani. Kampuni kubwa hushusha fremu zao za aluminiamu kwenye bandari ya Mkoani, kila kipande kimeandikwa namba, na kabla ya adhuhuri wanakuwa na banda lenye sakafu na taa. Sisi tulikuwa na chokaa. Kwenye kikao cha kikundi mama mmoja aliuliza nani atajenga, na mke wangu akajibu kwamba mume wake amesoma chuo kikuu. Nilisoma fasihi. Kitu pekee nilichowahi kukijenga kwa mikono yangu ni rafu ya vitabu, nayo imeegemea ukuta hadi leo kwa sababu haina namna nyingine ya kusimama. Lakini mwanamume anayeandika makala za magazeti akiwa nyumbani mchana kutwa huonekana mtu asiye na kazi, na mimi sikuwa na hoja ya kupinga.

Mtaani tuna stoo ya vyombo vya shughuli: turubai moja kubwa la kijani, boriti za mikoko za kulisimamisha, majamvi na masufuria ya pilau. Ni mali ya mtaa mzima. Ufunguo anao mama mmoja mtu mzima, sote tunamwita Bi Mkubwa, na huufunga kwenye pindo la kanga yake, kiasi kwamba anayetaka turubai lazima kwanza amtake radhi. Nilimkuta uani akichambua mchele. Nikaeleza haja yangu kwa maneno mengi, nikataja maendeleo ya wanawake, nikataja jina la kisiwa kujulikana. Akaendelea kuchambua.

“Mwanangu,” alisema nilipomaliza, “hivi ni vya maiti kwanza, halafu vya harusi. Biashara haimo.”

Hata hivyo hakunifukuza. Baadhi ya akina mama wa kikundi walikuwa wakwe zake, na nadhani walishamsemesha kabla yangu. Akatoa masharti matatu, akiyahesabu kwa punje za mchele. Boriti zisipigwe msumari hata mmoja, zifungwe kwa kamba tu. Akifa mtu yeyote mtaani, banda livunjwe saa hiyo hiyo, hata kama mgeni rasmi yumo ndani anakunywa soda. Na fundo liwe fundo la mumewe, si fundo jengine.

Mumewe ndiye huyo mgonjwa. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyefunga turubai kwenye kila msiba na kila harusi ya mtaa wetu. Alikuwa na fundo lake, ambalo upepo ukilivuta hukaza, na mtu akivuta mkia wake hufunguka lote kwa mara moja. Kwa fundo hilo turubai husimama katika muda wa maiti kuoshwa, na hushuka katika muda wa chai. Hakuna aliyejifunza kwake, kwa kuwa yeye alikuwepo siku zote. Alipougua, misiba miwili iliyofuata watu walifunga wanavyojua, na siku ya kuvunja wakakata kamba kwa visu. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa.

“Mlete fundi wako aje aelekezwe,” Bi Mkubwa alisema. Kisha akaongeza, bila kuinua macho, “Na unajua ndani mna mgonjwa. Mie nikikupigia, usiniulize mara mbili.”

Nikaahidi yote matatu. Mtu anayeomba huahidi haraka.

Fundi wangu alitoka Wawi, mtu wa makamo kama mimi, mwenye maneno machache na mengi kati ya hayo ni ya kunikebehi. Aliniita Profesa tangu tulipopakia boriti. Nilipomwambia kwamba inabidi apite kwa mzee kujifunza fundo, alisema kwamba alikuwa akifunga kamba mimi nikiwa bado natafuna penseli. Ningeweza kusisitiza. Lakini ningesisitiza, ingebidi niongozane naye hadi chumba cha mgonjwa, na mimi ni mwoga wa vyumba vya wagonjwa. Nikamwambia afunge anavyojua.

Akachimba mashimo sita, akasimamisha nguzo, akalaza boriti juu na kuzifunga kwenye pembe. Turubai likapanda. Kwa mbali lilifanana hasa na msiba, na watu wawili waliopita barabarani walishusha sauti zao. Kisha upepo ukaingia chini yake na banda zima likaanza kupumua. Boriti zililia kwenye kamba. Fundi akasema ndivyo linavyotakiwa, likikataa kucheza ndipo litakapong'oka, akaenda zake kusali adhuhuri na kutafuta chakula mjini.

Hapo ndipo alipofika mkaguzi wa uwanja. Alikuwa na fulana ya kung'aa na karatasi kwenye ubao, na kazi yake ilikuwa kutikisa kila banda. La jirani yetu, la aluminiamu, alilitikisa likanyamaza. La kwetu alilitikisa likamtikisa na yeye.

“Hiki kikimwangukia mgeni rasmi kesho, ni mimi nitakayeulizwa,” alisema. “Nikirudi alasiri, nisikione kinacheza. Kikicheza, nakufuta.”

Nilitakiwa kumsubiri fundi. Nilijua hivyo wakati ule, sikuja kujua baadaye. Lakini niliona sura ya mke wangu na akina mama kumi na wanane wakifika na makasha ya sabuni na kukuta mistari ya chokaa. Nikaenda kwa jirani kuazima nyundo. Misumari ilikuwamo kwenye mfuko wa fundi, ya inchi nne, aliileta kwa ajili ya meza. Nikapanda ngazi. Mkoko ni mti mgumu usiopenda wageni. Msumari wa kwanza ulipinda, wa pili ukaniponda kidole gumba, wa tatu ukaingia, na mlio wake ulipoingia ulinipa furaha ambayo sikuwahi kuipata kwenye sentensi yoyote niliyoandika. Nikapiga kumi na moja, kwenye pembe nne. Ncha zilizotokea upande wa pili nilizilaza kwa nyundo ili zisimchane mtu. Mkaguzi akarudi, akatikisa, akaweka alama kwenye karatasi.

Nilikuwa fundi kwa muda wa robo saa hivi. Kisha fundi mwenyewe akarudi, akisafisha meno kwa kijiti. Akasimama chini ya pembe ya kwanza, akaitazama. Akaenda ya pili.

“Nani kapiga hivi?”

Nikasema mkaguzi ameamuru. Si kweli, mkaguzi aliamuru banda lisicheze, hakutaja msumari.

“Na ncha kailaza yeye pia?” fundi aliuliza. “Basi Profesa, misumari hii haitoki kwa mkono. Ukiing'oa kwa pupa, boriti inapasuka kwa urefu. Mwenye boriti akizitaka kwa haraka, muombe akusubiri.”

Ilikuwa mara ya kwanza kuitafakari ile haraka. Mtu akifa kwetu asubuhi, kwa kawaida alasiri ameshazikwa. Watu wanaanza kufika kabla ya saa moja kupita, na jua la uani kwa Bi Mkubwa halina pa kulikwepa. Nilihesabu: saa mbili za kung'oa misumari, na mwisho wake huenda kusiwe na boriti nzima. Mzee aliyefunika misiba ya watu wote, wageni wake mwenyewe wakae juani kwa sababu mimi niliogopa kufutwa kwenye karatasi.

Jioni ile ya Alkhamisi nilikwenda kumtazama mzee. Nilijiambia ni sunna kumtembelea mgonjwa, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kuona anapumua. Alikuwa amekaa kitandani, mito mitatu nyuma yake, miguu imevimba, na macho makali ya mtu ambaye siku nzima hakupata wa kumtania.

“Karibu, msomi. Umekuja kutazama kama nishakufa, ukimbilie turubai lako?”

Nilicheka kicheko kibaya. Akauliza banda limesimama vipi, nguzo ngapi, mlango umetazama wapi, upepo unapiga upande gani. Nikajibu vizuri. Kisha akauliza fundi wangu alikuja lini kuelekezwa fundo, maana yeye hakumwona. Nikasema kwamba fundo nililifunga mimi mwenyewe, kwa kuwa utotoni niliwahi kumtazama akifunga. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Uso wake ulibadilika, akanitazama kama mtu aliyeletewa barua aliyokwisha kuikatia tamaa.

“Wewe?” alisema. “Basi nioneshe.”

Mguuni pa kitanda palikuwa na kamba ya kutundikia chandarua. Nikaishika. Nikafanya kitu. Akatazama, akasema hapana, mkia unatoka huku, akanionesha kwa vidole vilivyotetemeka lakini havikukosea. Nikasema kweli, nilisahau kidogo. Bi Mkubwa alikuwa mlangoni na kikombe cha uji, akiitazama kamba.

Maonyesho yakafunguliwa. Mgeni rasmi alipita bandani kwetu, akanusa sabuni, akasifu ubunifu, akagonga nguzo kwa mkono na kusema imara. Akina mama walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa natazama simu.

Uwanja ulikuwa na kipaza sauti juu ya mlingoti, na kila kilipokwaruza kabla ya tangazo nilishika meza. Kilitangaza funguo zilizookotwa, gari lililozuia njia, mashindano ya kula mihogo. Kila mara nilisubiri kisome jina la mtaa wetu. Siku ya pili, saa nne asubuhi, simu ikatetemeka na ilikuwa namba ya Bi Mkubwa. Nilitoka nje ya banda, nikageukia uzio, nikapokea nikiwa nimefumba macho. Alitaka nimletee mumewe sabuni ya karafuu nikirudi, ile nyekundu. Amechoka na harufu ya dawa.

Nilimuombea mzee yule uhai kwa ikhlasi ambayo sijawahi kuitumia kwa mtu mwengine, wala kwa nafsi yangu. Nikisujudu nilisema, ya Rabbi mponye, na ndani yangu sauti nyingine ikasema, hadi Jumapili, maonyesho yafungwe. Mwenyezi Mungu alizisikia zote mbili, na hilo nalo liliniogopesha. Kuna aina za dua ambazo mtu angependa zisifike.

Kila jioni nilikwenda kwake. Mtaani nikaanza kusifiwa. Imamu alinishika mkono akasema laiti vijana wangekuwa hivi, ingawa mimi nina mvi. Mzee mwenyewe alinisubiri. Tulikuwa tunafunga fundo kwenye nguzo ya kitanda, tunafungua, tunafunga, na yeye anasimulia: harusi ambayo mvua iliingia na turubai halikudondosha tone, msiba wa mtu bahili ambaye hata kamba zake zilikuwa fupi. Kila nilipolipata fundo, kesho yake lilikuwa limenitoka. Huanza kwa kuzungusha mara mbili, hapo sikosei. Halafu kuna sehemu ambapo mkia unapita chini ya mgongo wake wenyewe, na hapo akili yangu, ambayo imewahi kueleza nadharia ngumu mbele ya maprofesa wa kweli, ilifunga duka.

“Mkia unatoka kulia au kushoto, Mzee?” niliuliza jioni ya tatu.

Alinitazama. “Kushoto,” alijibu, akafumba macho, nikajua kachoka, nikaaga.

Siku ya mwisho, saa sita mchana, simu ikatetemeka. Bi Mkubwa. Safari hii sikutoka nje. Nilipokea palepale, mbele ya wateja.

“Mwanangu,” alisema, “mzee wako anakuja huko.”

Sikumuelewa. Akarudia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kubishana na kushindwa, kwamba mumewe ameamka anataka kwenda uwanjani. Ameoga, amevaa kanzu. Jirani mmoja atamchukua kwa gari lake la mizigo. Anataka kuliona banda likiwa limesimama, kisha alione likivunjwa. Watafika saa kumi.

Hofu niliyokuwa nayo kwa siku zote zile ilikuwa ya mtu kufa. Sikuwa nimejiandaa na hofu ya mtu kuja. Nilimtafuta fundi, nikamkuta nyuma ya banda la jirani akicheza bao, nikamwambia yote mbele ya watu: fundo, uongo, mkaguzi. Akamaliza zamu yake ya kucheza kwanza. Kisha akasimama, akaazima mtaimbo.

“Tunang'oa banda likiwa na watu ndani,” alisema. “Weye utashika nguzo na utafunga. Mie hilo fundo silijui, nakumbuka nilikataa kufundishwa.”

Mke wangu akawahamishia wateja upande wa mbele na kuanza kuwaeleza faida za mwani kwa ngozi, kwa sauti ya juu, kufunika mlio wa misumari. Msumari wa mkoko ukitoka hulia kama mnyama. Kila mmoja uliponyanyuka nilisikia nyuzi za mti zikikatika na nikasubiri ule mpasuko wa urefu. Pembe ya kwanza iliachia. Boriti ikateleza, turubai likajaa upepo, na uzito wote ukanijia kifuani. Niliikumbatia nguzo kwa mikono na miguu. Mama mmoja aliyevaa miwani akanikaribia na kuuliza kama hii ya kijani inafaa kwa mtoto mchanga. Nikasema inafaa. Sikuweza kuona anaonesha ipi.

Halafu nikapanda ngazi, ambayo naiogopa pia. Chini fundi alibeba boriti kwa bega. Nikazungusha mara mbili. Mkia chini ya mgongo, kushoto. Nikavuta, likashika. Pembe ya pili vivyo hivyo. Kwenye ya tatu upepo ukalivuta turubai, sikuliamini fundo, nikaongeza mzunguko mmoja. Kisha mwengine. Ya nne nayo nikaizungusha hivyo hivyo, vidole vikinivuja damu kidogo kwa kamba ya manila. Misumari tisa ilitoka. Miwili, kwenye pembe ya tatu, ilikatika vichwa na kubaki ndani, nikaifunika kwa kamba. Boriti moja ilipata ufa, mrefu kama kiganja. Saa kumi kasorobo nilikuwa bado juu ya ngazi nilipoliona gari likiingia langoni polepole, likikwepa mashimo, na nyuma yake mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki, ameshikiliwa na watu wawili, kanzu yake nyeupe kuliko kitu chochote uwanjani.

Walimteremsha na kiti chake, wakamweka katikati ya banda. Bi Mkubwa alisimama kando. Mzee hakutazama sabuni wala sisi. Alitazama juu. Upepo ulikuwa umeongezeka, turubai linapanda na kushuka juu ya kofia yake, na mimi nilikuwa nahesabu pembe: moja, mbili, tatu, nne, moja, mbili. Akaomba asogezwe pembe ya kwanza. Akasogezwa. Akaomba ya pili. Kwenye ya tatu alinyanyua bakora yake, akaisukuma kamba pembeni kwa ncha, na chuma kikang'aa.

“Msumari,” alisema.

Fundi alitazama chini. Nilianza kusema kuhusu mkaguzi wa uwanja, na kwamba taratibu za usalama, na nikasikia sauti yangu ilivyokuwa nyembamba.

“Ni mimi, Mzee,” nikasema. “Kumi na moja. Tumeing'oa mchana huu. Fundo sikuwa nalijua.”

“Nilijua,” alisema. “Mtu aliyelifunga haulizi siku ya tatu mkia unatoka upande gani.” Akapumua, kwa taabu, kwa muda. “Nimekuja makusudi kukutisha. Umeogopa?”

Nikasema nimeogopa tangu Alkhamisi.

“Vizuri. Sasa vuta.”

Mkia wa pembe ya kwanza nikauvuta. Fundo likafunguka lote, kamba ikaanguka kama aliyoifunga yeye, na fundi akaidaka boriti. Sitasahau uso wa mzee wakati ule, nami sitaueleza. Ya pili ikafunguka. Ya tatu nikavuta, ikakaza. Nikavuta tena. Ya nne hivyo hivyo.

“Hizi mbili umezunguka mara ngapi?” aliuliza.

“Nne. Nilihisi zitaachia.”

“Umezifunga kwa woga,” alisema, na akacheka hadi Bi Mkubwa akamshika mgongo. Walizikata kwa kisu cha kukatia sabuni. Yeye alisimamia kazi yote akiwa kwenye kiti, nani ashike wapi, turubai likunjwe mara ngapi, boriti yenye ufa ifungwe wapi kitambaa, na watu wa aluminiamu waliacha kufungua fremu zao wakaja kutazama. Sikuangalia saa, lakini chai tuliyokuwa tumemmiminia ilikuwa bado na moto alipoomba apewe.

Alifariki wakati karafuu za kwanza zilipokuwa zinaanikwa, asubuhi, baada ya alfajiri. Simu ilitetemeka na sikuuliza mara mbili. Nilifika stoo kabla ya mtu mwengine yeyote, na ufunguo nikaletewa na mke wangu, kwa sababu Bi Mkubwa alikuwa ndani na hangetoka tena kwa miezi minne na siku kumi ya eda. Fundi alikuja kutoka Wawi bila kuitwa. Alibeba boriti begani, nikapanda ngazi, nikafunga pembe nne. Watu walipoanza kuingia uani kulikuwa na kivuli.

Siku tatu za matanga sikusikiliza hitima kama inavyopaswa. Nilikaa karibu na boriti yenye matundu, na kila upepo ulipopita niliinua macho kwenye pembe. Kamba zilikaza. Siku ya tatu alasiri, watu walipokwisha kutawanyika, nilisimama chini ya pembe ya kwanza na mkia mkononi na sikuweza kuuvuta. Fundi alinisubiri, kwa mara ya kwanza bila neno la kejeli. Nyuma ya pazia la dirisha nikasikia sauti ya Bi Mkubwa.

“Vuta, mwanangu.”

Nikavuta. Ikafunguka. Ya pili ikafunguka, na ya tatu. Ya nne ilikaza kama jiwe. Nikakumbuka kwamba asubuhi ile ya msiba, nilipokuwa naifunga, upepo ulivuma ghafla na mimi nikaongeza mizunguko miwili bila kufikiri. Fundi akatoa kisu.

Pazia likasogea kidogo.

“Hilo angelicheka kutwa,” alisema Bi Mkubwa.

Tukaikata. Nikazikunja kamba zote, hata vile vipande vifupi, nikavirudisha stoo, na ufunguo nikampa mke wangu aupeleke ndani. Ukarudishwa kwangu siku ya pili yake, umefungwa kwenye kipande cha kanga. Ninao hadi leo. Naogopa kuupoteza.